Baiskeli, Changarawe na Ukimya wa Askari

Katika nchi yetu ya Uganda baiskeli ni mtumishi. Tangu tulipokuwa watoto tumeiona ikibeba mikungu ya ndizi mitatu hata minne, ikibeba madumu ya maji kutoka kisimani, ikibeba maziwa alfajiri na wagonjwa usiku. Waganda waliipa jina la maanyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua, kwa kuwa haina injini ila pumzi za mwenye kuiendesha. Hata hii bodaboda ambayo leo imejaa kila pembe ya Kampala kwa moshi na honi, asili yake ni baiskeli. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia waliwavusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na neno la Kiingereza la mpaka, likitamkwa mara mbili, likawa ndilo jina la kazi yao.

Basi, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaopanda baiskeli bila mzigo wala abiria, wakaingia msituni kwa njia za udongo na kutoka upande wa pili wametapakaa vumbi, kisha wakafurahi, bila shaka utacheka. Majirani zetu wa Kabalagala walicheka. Hata hivyo nimeomba nafasi katika ukurasa huu ili niwaeleze akina mama wenzangu, hasa sisi tulioolewa na watu wa jeshi na polisi, jinsi mchezo huo ulivyoingia katika nyumba yetu na kazi uliyoifanya humo.

MCHEZO WENYEWE

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huuita mchezo wa changarawe. Baiskeli yake si ile nyembamba ya mashindano ya lami, wala si ile nzito yenye springi ya kuteremkia milimani. Imesimama katikati. Usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo dume, giya zake ni nyepesi za kupandia vilima, na tairi zake zina upana wa milimita 38 hadi 50 ili zipate kuushika udongo. Huko Kansas, Marekani, mashindano makubwa ya namna hiyo yalianza mwaka 2006, na mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Veneto, Italia.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya siku nne katika nchi ya Wamasai huko Mara, Kenya, kwenye njia za ng'ombe na za wanyama wa porini. Mkenya Suleiman Kangangi, ambaye wengi walimwita Sule, alikuwa miongoni mwa waliowafungulia vijana wetu njia hiyo. Alifariki mwezi Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani, na kifo chake kiliwahuzunisha wapanda baiskeli wa kanda nzima. Mganda Charles Kagimu aliiwakilisha nchi yetu katika mbio za baiskeli kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

Na wewe askari usidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa starehe peke yao. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa kikosi cha 25 cha jeshi la miguu la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, walipanda baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi mji wa St. Louis. Walikwenda takriban kilomita 3,000 kwa siku 41, katika matope, mchanga na kando ya reli, wakiwa wamebeba bunduki, mahema na chakula chao. Mwaka 1954 Wavietnamu walioizingira Dien Bien Phu walipeleka mchele na risasi kwa maelfu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mkono katika njia za msituni. Jeshi la Uswisi lilikuwa na kikosi cha wapanda baiskeli hadi mwaka 2003.

Liko jambo jingine ambalo hunifurahisha kila nilifikiriapo. Ile baiskeli nyeusi ya wazee wetu vijijini, iwe ni Raleigh ya Mwingereza, Hero ya Mhindi au Phoenix ya Mchina, aghalabu huvaa tairi ya inchi 28 kwa inchi moja na nusu. Inchi moja na nusu ni karibu milimita 38 hadi 40. Yaani upana ule ule ambao wenzetu wameuvumbua upya na kuulipia fedha nyingi, babu alikuwa nao tangu zamani, kwa sababu njia aliyoipitia ilikuwa ya udongo na haikumpa hiari. Mchezo huu basi tusiuone kuwa ni mgeni. Kilicho kigeni ni jina lake tu.

UKIMYA NYUMBANI

Mume wangu ni askari. Amekwenda Somalia mara mbili, pamoja na wenzake wa jeshi letu, ambalo ndilo lililotangulia kutua Mogadishu mwezi Machi 2007 kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Mara ya pili alirejea akiwa mzima wa viungo, isipokuwa goti moja lililokuwa likimuuma. Tulichinja kuku, majirani wakaja, tukamshukuru Mungu. Wageni walipokwisha kuondoka, na siku zikapita, nikaanza kuona kwamba aliyerudi ni yeye, lakini sauti yake haijafika.

Hakunywa, hakupiga, hakutukana. Alinyamaza. Alikigeuza kiti chake kikatazama mlango, na hapo ndipo alipokaa tangu jioni hadi usiku mkuu. Ukimwuliza jambo alijibu kwa neno moja, kwa adabu, kama ajibuye mkubwa wake kazini. Binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 13, zamani alikuwa hamwachi babake apumzike kwa maswali. Sasa alipita sebuleni kwa ncha za vidole, akingojea aingie jikoni ndipo anong'one, "Mama, Baba amekasirika na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Anayeijua Kabalagala anajua kwamba mtaa huu haulali. Jua likizama ndipo jiko la muchomo linapowashwa, muziki wa baa hii ukapambana na wa baa ile, na pikipiki zikanguruma mpaka alfajiri. Sisi wenyeji tumezoea. Twalala kama watoto wanaobembelezwa. Lakini kwa mtu ambaye kwa miezi mingi masikio yake ndiyo yaliyolinda uhai wake na wa wenzake, kila pikipiki iliyolipua moshi barabarani ilikuwa amri ya kuamka. Naliamka usiku nikamkuta ameketi, macho yake mlangoni.

Najua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaifahamu hali hii. Wala haiwahusu wanajeshi pekee. Askari polisi aliyeitwa usiku kwenye ajali ya basi, akaokota vilivyookotwa, naye hurudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake vivyo hivyo.

Baiskeli iliingia kwa sababu ya lile goti. Daktari alimkataza kukimbia, akamshauri atafute zoezi lisiloligonga goti chini, na akataja kuogelea au kupanda baiskeli. Bwawa la kuogelea hatuna. Akaenda mjini akanunua baiskeli kuukuu ya kutoka ng'ambo, yenye tairi pana, akaipeleka kwa fundi mmoja wa Katwe. Fundi aliikagua akasema, "Afande, hii ni nzuri, lakini mbona hukuchukua yenye keria? Utabebea wapi mzigo?" Mume wangu akamjibu kwamba hana mzigo. Aliponisimulia maneno hayo jioni ile, nilihesabu: ilikuwa ndiyo habari ndefu kuliko zote alizonipa katika mwezi mzima.

KUTOKA KABALAGALA HADI MAJINI

Mwanzoni alikwenda peke yake. Kisha binti akaomba amfuate, kwa baiskeli ya kuazima. Mwishowe nami nikapata yangu, nikavaa suruali chini ya gauni, na kicheko cha majirani kikaongezeka. Mama mmoja wa makamo alinisimamisha njiani akaniuliza kama tumefilisika hata tukakosa nauli ya taksi. Nikamwambia, "Hatujafilisika, Mama. Twakwenda kutembea." Akatikisa kichwa akanitakia safari njema.

Njia yetu ya kwanza ilikuwa ya kuteremkia Ggaba. Kutoka Kabalagala unafuata barabara ya Ggaba, ukapita Kansanga na Bunga, na baada ya kilomita sita au saba unalifikia ziwa, penye mitumbwi, soko la samaki na mitambo ya kusafishia maji yanywewayo na wakazi wa Kampala. Barabara kuu ina magari mengi, kwa hiyo tulitoka alfajiri ya Jumapili, na kila tulipopata kichochoro cha udongo kinachokwenda sambamba nayo tulikiingia. Huko ndiko tulikojifunza. Udongo wetu mwekundu una tabia zake. Ukiwa mkavu, changarawe iliyolegea hukaa pembeni na katikati ya barabara, na njia mbili za magurudumu ya magari ndizo zilizoshindiliwa. Mvua ikinyesha kidogo, ule ule udongo hugeuka sabuni.

Baada ya wiki kadhaa tulithubutu kwenda mbali zaidi, upande wa Entebbe. Barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 si ya baiskeli, na barabara ya zamani ina msongamano. Kwa hiyo tulizipakia baiskeli juu ya taksi hadi Kajjansi, tukashuka, tukafuata njia za udongo za upande wa ziwa na kurudi kwenye lami karibu na Kisubi. Njiani palikuwa na mashamba ya ndizi, matanuri ya matofali, mafunjo, na vipande vya msitu vilivyosalia.

Misitu na vichaka vya ukingo huu vina historia ya machozi. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukingoni, na mahali pengi palipokuwa na nyumba na mashamba pakamezwa na miti. Karibu na Kisubi, kando ya barabara kuu, upo msitu mdogo uitwao Zika. Hapo mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe walimweka kima wa majaribio juu ya mti, na katika damu yake wakakuta kirusi ambacho hakikujulikana, wakakiita kwa jina la msitu. Mwaka 2015 na 2016, ugonjwa huo ulipoenea Brazili na nchi jirani, jina la kijisitu chetu likatajwa duniani kote. Ni msitu wa utafiti, hauingiwi bila ruhusa. Tuliutazama kutoka barabarani, na binti akapata la kuwasimulia wenzake shuleni.

CHINI YA MITI YA ENTEBBE

Mwisho wa safari ulikuwa Bustani ya Mimea ya Entebbe. Ilianzishwa mwaka 1898, ina eneo la hektari 40 hivi, na imeteremka kwenye mwinuko hadi inapogusana na maji ya ziwa. Wakoloni waliitumia kujaribia mimea ya biashara kama mpira, kakao na kahawa, na miti waliyoileta kutoka kila bara ingali imesimama humo. Lakini ipo pia sehemu ya msitu wa asili, yenye giza la kijani, mizizi mirefu iliyotambaa juu ya ardhi, na mbega weusi kwa weupe wanaoruka kutoka tawi hadi tawi mikia ikining'inia kama pindo za kanzu.

Tuliuliza langoni ni wapi tunaruhusiwa kupanda na ni wapi tunapaswa kusukuma, tukafuata tulivyoambiwa. Njia ilikuwa ya udongo uliochanganyika na majani makavu. Mume wangu alitangulia, binti akamfuata, nami nikawa nyuma. Kila tulipofika kwenye kona au njia panda alisimama, akaweka mguu mmoja chini, akatazama ardhi, kisha akaendelea. Mara ya nne au ya tano, binti akamwuliza, "Baba, mbona kila kona unasimama kwanza?"

Sote tulikuwa tukiitazama njia, hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni. Nadhani ndiyo sababu alijibu. Alimweleza kwamba kule alikotoka, kabla ya kikosi kupita njiani, wapo wanaotazama ardhi kwanza: udongo uliochimbuliwa karibuni, jiwe lililohamishwa, mahali ambapo jana palikuwa na watoto wakicheza na leo hakuna hata mmoja. Alimwambia kwamba kuna asubuhi moja ambayo ardhi haikuonyesha kitu. Kisha akamtaja rafiki yake, ambaye aliwahi kula nyumbani kwetu, na akaeleza jinsi siku yake ilivyokwisha.

Yaliyobaki si ya gazetini. Nitasema tu kwamba alizungumza kwa muda wa kutembea kutoka kwenye miti mirefu hadi ukingoni mwa maji, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, na kwamba binti hakumkatiza. Tulipofika ziwani tulikaa kwenye nyasi tukala kabalagala tulizozikaanga alfajiri, zile chapati ndogo tamu za ndizi na unga wa muhogo, ambazo jina lake ni moja na la mtaa wetu. Binti akamwomba babake amfundishe kuisoma ardhi jinsi anavyoisoma yeye.

Tangu siku ile amekuwa akimfundisha. Humwonyesha changarawe iliyolegea kwa rangi yake, ambayo ni nyeupe kuliko ile iliyoshindiliwa. Humwonyesha mtaro uliofichwa na majani, na nyayo za ng'ombe zinazotangaza matope mbele. Jicho lile lile ambalo nyumbani lilikuwa likiulinda mlango dhidi ya adui asiyekuwapo, huku msituni limepata kazi ya kumkinga mtoto asianguke. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia akina mama wenzangu. Twataka waume zetu wasahau. Kusahau hawawezi, na pengine si haki kuwataka wasahau. Lakini yale waliyojifunza kwa gharama kubwa yanaweza kupewa kazi nyingine.

KWA NINI NJIA YA UDONGO?

Nimejiuliza kwa nini mambo haya hayakutokea sebuleni, ambako nilimpikia alichokipenda na kumwuliza kwa upole. Nafikiri zipo sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba sebuleni watu hukaa uso kwa uso, na kwa mwenye jambo zito macho ya wampendao ni mzigo wa pili. Njiani watu huelekea upande mmoja. Ya pili ni kwamba njia ya changarawe haikuruhusu kuwaza ya mwaka jana; jiwe lililo mbele ya gurudumu lataka uamuzi sasa hivi. Kwenye lami miguu huzunguka na akili ikazurura. Kwenye udongo akili hulazimika kubaki pamoja na miguu. Ya tatu ni uchovu. Mwili uliopanda vilima kwa saa tatu hudai usingizi wake kama mdai mwenye hati. Usiku ule tuliporudi kutoka Entebbe, muziki wa Kabalagala ulipigwa kama kawaida, naye alilala hadi saa kumi na moja alfajiri.

Nisieleweke kuwa nauza dawa ya miujiza. Ziko nyakati bado ambapo kiti hugeuzwa kikatazama mlango. Askari asiyepata usingizi, anayeshtuka mno, anayefikiria kujidhuru au kuwadhuru wengine, apelekwe kwa daktari au mshauri bila kuchelewa wala kuona haya, kama ambavyo angepelekwa mwenye risasi mguuni. Baiskeli haichukui nafasi ya tiba. Kwetu sisi ilifungua mlango, na mume wangu alipokwisha kuzungumza na bintiye chini ya miti, alikubali pia kwenda kuzungumza na mtaalamu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa wale watakaopenda kujaribu, nawapa machache tuliyojifunza.

Msinunue baiskeli ya bei kubwa. Chombo chochote kizima chenye tairi pana, breki mbili zinazoshika na kiti kinacholingana na urefu wako chatosha. Ukikaa kitini na kuiweka pedali chini kabisa, goti lako libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma.

Tairi ikijazwa upepo kupita kiasi hurukaruka juu ya mawe na kukutupa. Kwa tairi ya upana wa milimita 45 yenye tyubu, na mpandaji wa kilo 70 hivi, pauni 35 hadi 40 zatosha kwenye changarawe. Beba pampu, kiraka na gundi, na kila mtu mzima wa familia ajue kuziba pancha.

Katika mteremko punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili kwa ulaini, wala usiikamate ghafla ile ya mbele. Tazama pale unapotaka kwenda, kwa sababu gurudumu hulifuata jicho. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni.

Kila mmoja avae kofia ngumu, baba na mama kabla ya mtoto. Kwa akina mama, gomesi na leso ziachwe nyumbani, kwani nguo pana huingia kwenye mnyororo. Suruali nyepesi chini ya gauni fupi ni vazi la heshima na la usalama.

Chukueni maji ya kutosha na chakula chepesi. Ndizi, karanga na kabalagala havihitaji sahani. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, tokeni mapema, kwani mvua nyingi hushuka baada ya adhuhuri.

Msioge wala kukanyaga maji ya ukingoni mwa ziwa, hata jua likiwa kali namna gani. Konokono wa humo huhifadhi vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozini bila kuuma. Aliyekwisha kuyaingia akapimwe. Dawa yake ipo hospitalini.

Mwisho, kila msitu una mwenyewe. Ombeni ruhusa, wapisheni watembeao kwa miguu, waamkieni wenye mashamba, wala msitupe hata ganda la ndizi pasipo mahali pake.

Akina mama wenzangu, waume zetu wamefunzwa kuvumilia mengi, na mojawapo ya hayo ni kuwavumilia wanaowauliza maswali. Msiwazidishie maswali. Mkiweza, tafuteni njia ya udongo yenye miti, mahali popote mlipo, iwe ni ukingoni mwa ziwa au nyuma ya kambi, na mwende nao wakiwa mbele na ninyi nyuma. Kama hamna baiskeli, tembeeni. Mkisikia wameanza kuzungumza, endeleeni kwenda.